Kuhuisha picha mnato kwa pini na fremu funguo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye picha moja tu, isiyo na video yoyote nyuma yake, anayetaka mkono upunge, mkia utikisike au kifua kipumue. Mifano mingi ni ya Adobe After Effects kwa sababu wengi huanzia huko, ila mantiki haibadiliki sana ukihamia programu nyingine. Jambo moja litajirudia humu: kazi kubwa ya pini ni kuzuia. Anayejua kitu gani kisisogee atasogeza kidogo tu, na picha yake itaaminika.

Pini inafanya nini hasa kwenye picha?

Programu huifunika picha kwa wavu wa pembetatu ndogondogo. Wavu ukivutwa, pikseli zilizo ndani ya kila pembetatu huvutwa nao. Pini unaichomeka kwenye wavu: ukiiacha, mahali pale panatulia; ukiiburuta, wavu unaifuata.

Ufundi uko kwenye kile kinachotokea katikati ya pini na pini. Mwaka 2005 Takeo Igarashi, Tomer Moscovich na John Hughes walieleza njia ya kukokotoa umbo ambamo kila pembetatu hujitahidi kubaki na sura yake ya awali kadiri inavyowezekana, huku ikizitii pini. Kwa hiyo ukivuta kiganja, mkono hupinda, haurefuki ovyo. Adobe waliiingiza zana ya namna hii kwenye After Effects CS3 mwaka 2007, na mwaka 2010 Photoshop CS5 ikapata ya kwake.

Pini moja peke yake haipindi kitu: ukiivuta, picha nzima inahama. Ukiwa na mbili, picha inazunguka na kutanuka. Kupinda kwenyewe kunaanzia pini ya tatu.

Na fremu funguo?

Ni alama unayoiweka kwenye mstari wa muda kuiambia programu kwamba wakati huu pini iko hapa. Ukiweka nyingine mbele yake, pini ikiwa mahali tofauti, programu inajaza fremu zote za kati, yaani picha moja moja zinazounda video. Kwenye After Effects pini ikichomekwa tu, fremu funguo yake ya kwanza inajiweka yenyewe pale kilipo kishale cha muda. Kwa hiyo rudisha kishale mwanzoni kabla hujagusa picha. Wanaoanza wakilalamika kwamba mwendo wao unaanzia katikati, mara nyingi chanzo ni hicho.

Nitumie programu gani?

After Effects ndiyo yenye pini na fremu funguo mahali pamoja, lakini ni ya kulipia. Kwa asiyetaka kulipa, OpenToonz, ambayo imekuwa huru tangu Machi 2016, ina zana iitwayo Plastic inayojenga wavu juu ya picha na kukuruhusu kuuhuisha kwa nukta za kiunzi. Blender nayo inaweza: unaingiza picha kama bapa, unaligawa vipande vingi, kisha unalitia mifupa. Ni njia ndefu zaidi, ingawa mwendo wa mifupa ni safi sana kwa mikono na miguu.

Tahadhari kwa wanaotaka kuanzia kwenye Photoshop: zana yake ya pini ni ya kupinda picha ibaki imepinda. Pini zake haziwekewi fremu funguo. Zitakufaa kurekebisha pozi kabla ya kuhuisha, si zaidi ya hapo.

Picha ipi inafaa?

Ile ambayo kitu unachotaka kisogee kinaonekana chote, na hakijashikamana na kingine. Mkono ulioinuliwa kando ya mwili unafaa. Mkono uliokunjwa kifuani utakutesa, kwa sababu kuna shati chini yake ambalo picha haikuliona na itabidi ulichore. Ndege aliyetua tawini, mbwa aliyesimama kiubavu, mti penye anga tupu, hizo ni picha nzuri za kujifunzia.

Angalia na ukubwa. Ikiwa video yako ni ya pikseli 1920 kwa 1080, chukua picha yenye upana wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya hapo. Wavu ukivutika, pikseli nazo hutanuka, na picha ndogo itaonyesha ukungu pale pale jicho la mtazamaji linapoangalia.

Kwa nini nilazimike kukata kitu kutoka kwenye mandharinyuma?

Kwa sababu wavu hujengwa kwa kufuata mpaka wa leya, yaani tabaka moja la picha ndani ya programu. Picha ambayo haijakatwa ina mpaka mmoja tu, ule mstatili wake, kwa hiyo ukiuvuta mkono, ukuta na dirisha vilivyo nyuma vinavutwa nao. Mtazamaji hatajua neno la kulitaja kosa hilo, lakini atahisi kwamba dunia nzima imechorwa kwenye kitambaa.

Kata vizuri, kisha usiiguse tena leya hiyo. Wavu unakokotolewa pale unapochomeka pini ya kwanza. Ukirudi baadaye kuongeza kidole ulichokisahau kwenye maski (umbo ulilokatia), kidole hicho kitakuwa nje ya wavu na kitakatwa au kitabaki nyuma. Ukilazimika kurekebisha maski, ni afadhali ufute athari ya pini na kuanza upya kuliko kuhangaika na viraka.

Kwenye kingo, punguza maski kwa pikseli moja hivi na uilainishe kidogo sana. Utepe mwembamba wa rangi ya mandharinyuma ya zamani ukibaki kuzunguka mkono, hautaonekana mkono ukitulia. Ukianza kusogea, utaonekana na kila mtu.

Shimo linalobaki nyuma nalijaza vipi?

Rudufu picha, ficha ile uliyoikata, kisha kwenye nakala ya chini paka eneo la mkono kwa stempu ya kunakili au kwa zana ya kujaza kiotomatiki. Huna haja ya kujaza mwili wote. Kinachohitajika ni ule ukanda ambao mkono utauacha wazi unaposogea, na kidogo cha ziada. Kama mkono unasogea pikseli 60, jaza pikseli 100 kuuzunguka, uendelee na mambo mengine.

Kitu kinachosahaulika hapa ni kivuli. Mkono ukipunga huku kivuli chake ukutani kimeganda, ujanja wote unafichuka. Kikate kivuli nacho, kiwe leya yake, kipewe pini zake chache. Kama ni hafifu sana, kifute kabisa kwenye mandharinyuma. Kivuli kisichokuwepo hakuna anayekiulizia.

Niweke pini ngapi, na wapi?

Weka penye viungo na penye mipaka ya utulivu. Kwa mtu aliyesimama: kichwani, shingoni, mabegani, viwikoni, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni, magotini, miguuni. Pini za miguuni hazitasogea hata mara moja, na bado ndizo za kwanza kuchomekwa, kwa sababu zinamfunga mtu ardhini.

Wengi hudhani pini nyingi ni udhibiti zaidi. Kwa kawaida huwa kinyume. Kila pini ni sehemu uliyoiambia programu isiipange yenyewe, na zikijaa, wavu unakosa nafasi ya kupinda kwa ulaini. Ngozi inaanza kuonyesha mikunjo na ncha kali. Anza na chache. Sogeza. Pale unapoona kitu kinahama ambacho hakikutakiwa kuhama, ongeza pini ya kukishikilia. Mpangilio mzuri hujengwa hivyo, kwa kujibu tatizo lililoonekana.

Zipe pini majina mapema. Ukifika pini ya kumi na mbili, nambari tupu hazikwambii lolote.

Naomba mfano kamili wa mkono unaopunga.

Tuseme video ni ya fremu 25 kwa sekunde, na picha iko hivi: mkono umeinuliwa, kiwiko chini, kiganja juu, na kutoka kiwikoni hadi kwenye kifundo ni pikseli 200. Mkono ni leya yake peke yake, ukiwa na kipande cha bega kilichoingia ndani ya mwili ili kiungo kisionekane.

Kishale kwenye fremu 0. Chomeka pini begani, kiwikoni, kwenye kifundo, na kwenye ncha ya kidole cha kati. Mbili za kwanza hazitaguswa.

Nenda fremu 8. Buruta kifundo pikseli 60 kulia. Wengi huishia hapo, na mkono wao unapunga huku mfupa unarefuka na kufupika. Kifundo hakiendi kwa mstari ulionyooka, kinazunguka kiwiko. Kikienda pikseli 60 pembeni, ni lazima kishuke pia, na kwa mkono wa urefu huu kinashuka pikseli 9 hivi. Hizo 9 ndizo zinazoufanya mkono uwe na mfupa ndani. Fremu 16, kipeleke upande wa kushoto kwa kipimo kile kile, nacho kishuke vile vile. Katikati ya safari kinapita juu, pale kilipoanzia, kwa hiyo ipinde njia ya pini iwe tao. Fremu 24, kirudishe mwanzo.

Sasa kidole. Kipe mwendo wa kifundo, lakini kikichelewa fremu mbili: fremu funguo yake ya kwanza isogeze hadi fremu 2, kisha fremu 10, fremu 18, fremu 26. Kiganja hakianzi na kusimama pamoja na mkono; kinaburutwa nao, kisha kinaufikia. Uchelewesho huo mdogo una faida kubwa kuliko athari yoyote utakayoongeza baadaye.

Mwisho, chagua fremu funguo za pande zote mbili za mpungo na ubonyeze F9 ili mwendo upungue kasi unapofika ukingoni. Bila hivyo mkono unagonga ukuta usioonekana kila unapogeuka.

Pini za kukaza na za kupishanisha ni za nini?

Za kukaza hulifanya eneo liwe gumu zaidi, lisipindike ovyo. Zinafaa kwenye fuvu la kichwa, saa ya mkononi, mfupa wa paja, fimbo aliyoishika mtu. Ukiona uso unatanuka kila shingo inapoinama, kaza kichwa.

Za kupishanisha zinaamua nini kipite mbele ya nini pale sehemu mbili za leya moja zinapokutana, kwa mfano mkono unapovuka kifua. Thamani chanya huleta mbele, hasi hupeleka nyuma. Aina zote mbili huchomekwa kwenye umbo la awali la picha, siyo kwenye umbo lililokwisha kupindwa, kwa hiyo usishtuke mstari wa zamani ukitokea ghafla unapozichagua.

Maoni yangu: kama unaweza kukata mkono uwe leya yake, fanya hivyo na uachane na za kupishanisha. Leya mbili ni rahisi kurekebisha.

Mbona pini inateleza yenyewe kati ya fremu funguo mbili zinazolingana?

Uliweka pini mahali A, ukairudia A baadaye ili itulie, lakini katikati inazunguka kidogo na kurudi. Sababu ni kwamba programu huilainisha njia ya pini kuwa mkunjo, na mkunjo ule unaendelea hata pale palipotakiwa utulivu. Chagua fremu funguo hizo mbili, badilisha aina ya njia yake iwe mstari ulionyooka, na mtelezo utaisha. Ukitaka pini igande kabisa hadi fremu funguo inayofuata, tumia aina ya kushikilia.

Ninaweza kurekodi mwendo moja kwa moja kwa kipanya?

Ndiyo. Kwenye After Effects shikilia Ctrl, au Command kwenye Mac, kisha buruta pini; muda unaanza kwenda na kila unachofanya kinaandikwa. Inafaa sana kwa mkia, sikio, jani, mwendo wowote usio na mpangilio mkali. Baadaye utakuta fremu funguo zimejazana, kwa hiyo zilainishe na uzipunguze kabla hujaanza kurekebisha. Kwa kutembea au kupunga, sikushauri: mkono wako juu ya kipanya haujui kiwiko kiko wapi.

Nataka mtu apumue tu, basi.

Hili ndilo zoezi bora kuliko yote, na linatosha kuifanya picha ya mtu iwe hai. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Chukua sekunde 4 kwa pumzi moja, yaani fremu 100 kwa fremu 25 kwa sekunde. Kuvuta pumzi ni kufupi kuliko kuitoa: kifua kijae hadi fremu 40, kishuke taratibu hadi fremu 90, kisha kitulie hadi 100. Kutulia huko mwishoni usikuruke.

Kwenye matoleo ya After Effects kuanzia yale ya Oktoba 2018 kuna pini ya kupinda, ambayo nafasi yake hufuata pini nyingine lakini ina ukubwa na mzunguko wake yenyewe. Chomeka moja katikati ya kifua na upandishe ukubwa kutoka asilimia 100 hadi 102. Kwa toleo la zamani, tumia pini mbili za ubavuni, kila moja ikienda nje pikseli mbili au tatu. Mabegani nako ongeza mpando wa pikseli mbili, ukichelewa kidogo nyuma ya kifua. Kiuno na kichwa vizuiwe kwa pini. Kama mikono imetulia kifuani, nayo ipande.

Ukitazama na kuona pumzi waziwazi, umezidisha. Punguza nusu.

Macho na mdomo je?

Usifunge jicho kwa pini. Kope la chini na la juu vikivutwa pamoja, mboni inapondeka na sura inakuwa ya kutisha. Chora kope lililofungwa kwenye leya nyingine kwa kunakili ngozi ya juu ya jicho, kisha lionyeshe kwa fremu chache. Kupepesa huchukua sehemu ndogo tu ya sekunde. Pini zitumie kwenye nyusi, ambako hata pikseli mbili hubadilisha hisia ya uso mzima.

Mdomo unaweza kuinuliwa pembeni kwa tabasamu dogo lililofungwa. Kuufungua kunahitaji meno na giza la ndani ambavyo picha haina.

Nywele, nguo na majani?

Hapa jambo la msingi ni ncha kuchelewa nyuma ya shina. Weka pini shinani zisizosogea, za kati zisogee kidogo, za nchani zaidi, na kila safu ianze fremu chache baada ya iliyotangulia. Panua wavu kwa pikseli kadhaa nje ya mpaka wa leya, la sivyo nyuzi nyembamba za nywele zitakatwa kingoni.

Mwendo unajirudiaje bila kushtuka?

Nakili fremu funguo za mwanzo uzibandike mwishoni, kisha maliza video fremu moja kabla ya hapo. Usipoikata hiyo fremu, mkao ule ule unaonekana mara mbili mfululizo na kila mzunguko unakuwa na kigugumizi. Kwenye mfano wa mkono kidole kinamaliza fremu mbili baada ya kifundo, kwa hiyo mzunguko wa kwanza utumie kuanzishia mwendo, na kipande cha kurudia kikate kwenye mizunguko inayofuata. Katika After Effects msimbo loopOut() ukiuandika kwenye nafasi ya pini unarudia fremu funguo zake wenyewe.

Ukiwa na vitu viwili vinavyojirudia, tuseme pumzi na mkia, vipe mizunguko ya urefu tofauti. Vikienda sambamba, jicho linagundua mashine.

Si akili bandia inafanya haya kwa sekunde chache?

Inafanya, na tangu kampuni ya MyHeritage ilipotoa zana ya Deep Nostalgia Februari 2021 watu wengi wameona nyuso za picha za kale zikigeuka na kupepesa. Tofauti iko kwenye nani anayeamua. Zana hizo hubuni sehemu ambazo picha haikuwa nazo: meno, upande wa pili wa shavu, tabasamu ambalo mtu huyo huenda hakuwa nalo. Pini hutumia pikseli zilizopo, na husogeza tu ulichokisogeza wewe. Kwa picha ya mtu anayependwa na familia yake, mimi huchagua pini kila mara.

Je, ni sawa kuhuisha picha ya mtu yeyote?

Omba ruhusa, kwa aliyepiga picha na kwa aliye kwenye picha, au kwa jamaa zake kama ameshafariki. Kumpumulisha mtu ni jambo moja. Kumfanya aonekane akitikisa kichwa kukubali jambo ni kumsemea. Hilo la pili usilifanye. Na popote utakapoweka kazi yako, andika kwamba ilikuwa picha mnato.

Nitoe faili la aina gani?

Kwa kutazamwa kwenye simu na mitandao, MP4 ya H.264 inatosha. Ikiwa unataka mandharinyuma iwe wazi ili uiweke juu ya video nyingine, H.264 haibebi uwazi. Tumia ProRes 4444 au mfululizo wa picha za PNG. GIF ina rangi 256 tu kwa fremu, kwa hiyo ngozi na anga hupata mistari mistari. Itumie kwa kitu kidogo chenye rangi chache.